Trela ya mizigo kuwa trela ya kayaki: mwongozo kamili kutoka Malindi

Kaskazi ikianza tu, simu yangu hujaa picha zile zile. Kayaki imeingia bonde tumboni. Trela imelala upande kando ya barabara. Buti ya Probox imetobolewa na pua ya kayaki wakati dereva akikata kona kuingia petroli. Maswali ni hayo kila mwaka, na nimechoka kuyajibu kwa ujumbe mfupi mfupi wa usiku, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Jambo moja lishike kabla hujagusa chuma. Trela ndogo zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kubeba nusu tani ya mchanga au saruji. Kayaki nne za plastiki, hata zikiwa nzito, ni kilo 120. Kwa springi zile hiyo ni sawa na kutobeba kitu, na trela isiyobeba kitu huruka kila tuta. Mruko huo ndio unaovunja kayaki. Watu wengi wakiona kayaki imepasuka huongeza kamba na kukaza zaidi, na kayaki ya pili ikapasuka vibaya kuliko ya kwanza.

Walio Lamu kisiwani mtanisamehe, gari lenu linaishia Mokowe na baada ya hapo ni boti, mkokoteni au punda. Ila kama kayaki zenu zinatoka huku Malindi hadi Mokowe, zaidi ya kilomita 200, basi someni kwa makini kuliko sisi tunaokwenda hori ya Mida na kurudi.

Vipimo vyangu ni vya kayaki za plastiki za kukalia juu, urefu mita 4 na kidogo, upana sentimita 75 hadi 80, kilo 25 hadi 30 kila moja. Zako zikiwa ndefu zaidi, badilisha vipimo vya hatua ya 3 na ya 4.

## Vifaa: kusanya vyote kwanza

- Trela ya ekseli moja, kitanda (sehemu ya kuwekea mzigo) cha mita 1.2 kwa 2.4, yenye karatasi zake. Trela husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, peke yake na hupewa namba yake inayoanza na herufi Z. Usinunue trela ambayo mwenyewe anakwambia "karatasi zaja". Na ukishaibadilisha, mweleze wakala wako wa bima.
- Gari lenye chuma cha kuvutia nyuma na boli (ile tufe ya chuma ambayo kichwa cha trela hukalia) ya mm 50. Mafundi wanakiita tauba, na ukikifunga vibaya utatubu kweli.
- Chuma cha mstatili cha mm 75 kwa 50, unene mm 4, urefu mita 3.5, kwa ajili ya mkono, yaani chuma cha mbele kinachounganisha trela na gari.
- Chuma cha mraba cha mm 50 kwa 50, unene mm 3, kama mita 12, kwa ajili ya nguzo za kubebea kayaki na mikono yake ya kulala.
- Bolti za mm 12 zenye nati za kujifunga, pamoja na washa pana.
- Rangi ya zinki ya kuzuia kutu, na rangi ya juu.
- Ndara kuukuu, kama jozi 20. Usicheke, utaona.
- Tyubu kuukuu ya tairi la lori.
- Mikanda 8 yenye bizimu ya kubana, upana mm 25, urefu mita 3 au 4. Ile yenye mkono wa kukazia, ya watu wa malori, iache dukani.
- Kamba ya nailoni ya mm 8, mita 30.
- Minyororo miwili ya usalama, plagi ya pini 7, taa za nyuma na waya.
- Beringi mpya na girisi ya baharini.
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya wachuuzi wa samaki. Azima tu.

## Hatua ya 1: Kagua trela ilivyo

Piga jeki upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono, na uweke sikio karibu. Beringi nzima hunong'ona. Ukisikia mchanga unasagwa, badilisha zote mbili za upande huo bila kubembeleza. Halafu shika gurudumu juu na chini ulitikise: lisicheze.

Gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa chini ya kitanda na pale springi zinapoungana na fremu. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na chumvi hutoa sauti ya debe lililojaa. Trela ya Malindi iliyowahi kubeba mchanga wa pwani mara nyingi huoza kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa inang'aa.

## Hatua ya 2: Punguza springi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, nami niliiruka. Safari yangu ya kwanza nilifunga kayaki mbili vizuri kwa macho yangu, nikashika njia ya Gede. Tuta moja kabla ya kufika nilisikia kishindo kama mlango wa banda uliofungwa kwa hasira. Nilipokwenda nyuma kutazama, mkanda haukukatika, chuma hakikupinda, lakini kayaki ya kushoto ilikuwa na bonde la ukubwa wa sahani ya pilau pale ilipokalia chuma kitupu. Mwendo ulikuwa kilomita 40 kwa saa.

Springi za trela hizi huwa na bapa tano au sita zilizolaliana. Fungua bolti za U, kisha bolti ya katikati. Acha bapa kuu lile lenye macho pande zote mbili, na bapa moja au mawili yanayolifuata. Mengine yatoe. Tumia bolti ya katikati iliyo fupi, halafu rudisha bolti za U na kuzikaza sawasawa pande zote.

Fundi wangu alicheka hadi akaketi. "Ami, watu wanakuja hapa niwaongezee springi, wewe wataka nizitoe?" Nikamwambia atoe tu, na azitunze.

Utajuaje umefanikiwa? Mtu mzima wa kilo 70 asimame juu ya kitanda, upande wa nyuma, trela ikiwa imefungwa kwenye gari. Kitanda kishuke upana wa vidole vitatu hivi, na akishuka kirudi juu bila kurukaruka. Kisiposhuka kabisa, toa bapa jingine. Kikigusa ekseli, rudisha moja.

Upepo wa matairi nao upunguze. Waliozoea kujaza PSI 40 kwa sababu ya saruji wajaribu 22 hadi 25. Tairi laini nayo ni springi, tena ya bure.

Onyo: baada ya hapa trela hii haibebi mchanga tena. Andika kwa rangi ubavuni: KILO 200 TU. Jirani ataiomba, unajua ataiomba, na maandishi yatakusaidia kukataa.

## Hatua ya 3: Refusha mkono

Mkono wa trela ya mizigo ni mfupi, kwa sababu saruji haina pua inayochungulia mbele. Kayaki ya mita 4.2 ikikaa katikati ya kitanda cha mita 2.4 hutokeza sentimita 90 mbele na 90 nyuma. Mkono ukiwa wa mita 1.2, pua inabaki sentimita 30 tu kutoka kwenye boli, na kona ya kwanza ya kubana itaipeleka kwenye kioo.

Kanuni ninayoifuata: kutoka boli hadi pua ya kayaki pawe na mita 1 kamili. Kwa hiyo mkono, kuanzia boli hadi ukingo wa kitanda, uwe mita 1.9. Kwa nafasi hiyo hata buti inafunguka bila kugonga, na kurudi nyuma kunakuwa rahisi, maana trela yenye mkono mrefu hujipinda polepole.

Namna ya kuunga ndiyo yenye hatari. Usikubali fundi aunge chuma kipya na cha zamani ncha kwa ncha kisha achomelee. Kiungo hicho hupindwa kila tuta, na siku moja kitaachia ukiwa kwenye mwendo. Chuma kipya kiwe kipande kimoja, kipite chini ya kitanda angalau mita 1.2, kifungwe kwa bolti kwenye fremu mahali pasipopungua pawili. Kuchomelea kuje juu ya bolti, kusiwe badala yake.

Kipimo cha kufaulu: egesha kwenye uwanja mtupu, weka kayaki moja juu ya kitanda na uishikize kwa muda. Mwenzako aendeshe polepole akikata usukani wote kulia, kisha kushoto, nawe utembee kando. Pakibaki upana wa mkono kati ya pua na kona ya gari, umepona.

## Hatua ya 4: Nguzo mbili za kubebea

Utahitaji nguzo mbili, kila moja ikiwa na mikono miwili ya kulala, wa chini na wa juu, kama msalaba wenye mikono miwili. Kila mkono una urefu wa mita 1.8, nusu kila upande wa nguzo. Kayaki mbili hulala chini na mbili juu.

Mkono wa chini uwe sentimita 20 juu ya kitanda. Wa juu uwe sentimita 65 kutoka ule wa chini, ili mkono wako upite kufunga mkanda. Ukibana nafasi hiyo, utakuwa unafunga mikanda kwa kupapasa, na mkanda wa kupapasa ndio unaofunguka.

Umbali kati ya nguzo ni nusu ya urefu wa kayaki, yaani mita 2 hadi 2.1 kwa kayaki hizi. Kayaki hukaa vizuri ikishikwa robo kutoka kila ncha. Nguzo zikikaribiana, ncha zinapiga mbizi kila tuta. Zikiachana sana, tumbo linalegea kwa joto.

Chini ya kila nguzo weka bamba na pembe za kuzuia, pande zote nne, na uzifunge kwenye fremu kwa bolti, siyo kwenye bati la kitanda. Ncha za mikono zizibwe na kubandikwa viakisi. Mkono wa mita 1.8 umepita upana wa Probox, na bodaboda anayepenya kando yako usiku hatauona.

Paka zinki kabla ya rangi. Huku hewa yenyewe ina chumvi.

## Hatua ya 5: Ndara

Godoro hunyonya maji na kuoza. Zulia hushika mchanga, na mchanga hukwaruza plastiki. Sponji ya ndara hainyonyi maji, haibonyei moja kwa moja, na bahari inazitupa ufukweni bila kumtoza mtu. Okota, osha, kata kamba zake, kisha ukate vipande vya upana wa chuma. Vipande vitatu juu ya kimoja, gundi kati yake. Halafu funika yote kwa tyubu ya tairi la lori iliyokatwa kama utepe, ukiizungusha kwa kuivuta.

Tyubu ina kazi yake: kayaki haitelezi mbele ukifunga breki. Sukuma kayaki kwa kiganja ikiwa haijafungwa. Isipotembea, mito yako imekaa.

## Hatua ya 6: Minyororo na taa

Minyororo ipishane chini ya mkono kama X, ili kichwa kikichomoka kwenye boli mkono uangukie minyororo badala ya lami.

Plagi ya pini 7 kwa kawaida ina mpangilio huu: 1 indiketa ya kushoto, 3 ethi (waya wa kurudisha umeme), 4 indiketa ya kulia, 5 taa ya nyuma kulia, 6 breki, 7 taa ya nyuma kushoto. Usiamini rangi za waya zilizofungwa na fundi mwingine, pima. Na ethi ipite kwenye waya wake. Ukiitegemea boli yenye girisi na kutu, ukiwasha indiketa taa zote zitakonyeza kwa pamoja kama harusi.

Kayaki zinatokeza nyuma sentimita 90, kwa hiyo funga kitambaa chekundu kwenye tezi, yaani ncha ya nyuma, ya kayaki mchana, na taa nyekundu ukitembea usiku. Tuktuk za Malindi husimama zikikugusa.

## Hatua ya 7: Pima uzito wa mkono

Trela inayoyumba huwa imeelemea nyuma. Pakia kayaki zote, kisha ning'iniza kichwa cha mkono kwenye mizani ya samaki, kikiwa kimo kile kile cha boli. Trela yangu pamoja na kayaki ni kilo 350 hivi, na mkono unasoma kilo 35. Lenga sehemu moja ya kumi ya uzito wote.

Ukisoma 10 au 15, sogeza kayaki mbele kidogo kidogo hadi usomaji upande, ila ile mita 1 ya hatua ya 3 usiile. Ikishindikana, funga boksi la makafi na jaketi za kuokolea mbele ya kitanda.

## Hatua ya 8: Kupakia na kufunga

Laza kayaki kifudifudi, tumbo juu. Sehemu ya juu ya kayaki ina kingo ngumu zinazostahimili chuma kuliko tumbo, na mvua haitajaa ndani. Anza na za chini. Pakia pande zote mbili kwa zamu, usijaze kushoto kabla ya kulia.

Mkanda upite juu ya kayaki, uzunguke chini ya mkono wa chuma, urudi kwenye bizimu. Upite karibu kabisa na ubavu wa kayaki. Ukiufunga kwenye ncha ya mkono, mbali na ubavu, kayaki itatembea kulia na kushoto ndani ya pembetatu uliyoitengeneza mwenyewe.

Kaza kwa nguvu za mkono mmoja, basi. Mkanda wa malori unaweza kuvuta mamia ya kilo, na plastiki iliyopigwa na jua la saa saba inakuwa laini kama nta. Asubuhi umekaza kayaki, mchana unakuta imekuwa mashua ya sura mpya. Ikitokea, usiitupe: ilaze juani bonde likiwa halina mzigo, mara nyingi hurudi yenyewe. Ikigoma, mwagia maji ya moto na usukume kutoka ndani.

Zungusha mkanda mara moja kabla ya kuukaza, usipite bapa juu ya kayaki. Mkanda bapa hupigwa na upepo ukalia kama nyuki aliyefungiwa kopo, na huo mtetemo ndio unaolegeza bizimu. Bizimu yenyewe ivishe kipande cha ndara isikwaruze.

Kisha kamba za omo (ncha ya mbele) na tezi. Kila ncha ifungwe chini, kwenye trela. Hapa ndipo nilipoona kosa la kutisha kuliko yote: mtu amefunga omo kwenye gari. Trela ikikata kona, kamba hiyo ama inakatika ama inang'oa mshikio wa kayaki. Kamba ya mbele inafungwa kwenye mkono wa trela, kwa fundo linalofunguka hata likilowa.

Kayaki yenye kizibo cha kutolea maji, kifungue kabla ya kuondoka. Hewa ya ndani hutanuka kwa joto. Funga kizibo hicho na ufunguo wa gari kwa uzi mmoja, ili usiweze kuondoka ufukweni bila kukikumbuka. Mimi nimewahi kupiga kafi hadi katikati ya hori ya Mida nikishangaa kwa nini leo nimenenepa.

Ukimaliza, shika ncha ya kayaki na uitikise kwa nguvu. Trela nzima na gari vitikisike pamoja nayo. Kayaki ikitikisika peke yake, rudia.

## Hatua ya 9: Safari ya majaribio, Malindi hadi Gede

Ni kama kilomita 16, zinatosha. Usizidi 60 kwa saa. Tuta lipande polepole kwa magurudumu ya gari, na uendelee vivyo hivyo hadi ya trela yapite pia. Wengi hukanyaga mafuta gari likishavuka, wakasahau wana magurudumu mawili nyuma.

Baada ya kilomita 3 simama, kaza mikanda tena. Ndara zimeshajikalia na mikanda imelegea, hilo ni la kawaida.

Ukifika Gede gusa vikombe vya magurudumu. Vuguvugu ni sawa. Usipoweza kuacha kiganja hapo, beringi imekazwa mno au haina girisi, na huendi popote hadi iangaliwe.

Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa ghafla. Kisha simama na urudie hatua ya 7. Ukielekea Mambrui wakati wa kusi, daraja la Sabaki liko wazi kwa upepo na kayaki nne ni kama tanga lililotwekwa. Pita hapo kwa 40.

Kurudi nyuma, shika usukani kwa chini kabisa. Mkono wako ukienda kulia, tezi za kayaki zinakwenda kulia. Jifunze uwanjani asubuhi, usijifunze mbele ya vijana wa ufukweni.

## Hatua ya 10: Majini trela isiingie

Kayaki ya kilo 30 inabebwa na watu wawili. Hakuna sababu ya kuitumbukiza trela baharini kama wenye boti za injini. Beringi iliyopata moto njiani ikiguswa na maji baridi huvuta chumvi ndani, na kwa mwezi mmoja umemaliza kazi ya hatua ya 1.

Egesha juu ya alama ya maji. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hori ya Mida ikipwa hubaki tope na mikoko. Angalia jedwali la maji kabla ya kupakia, la sivyo utabeba kayaki nusu kilomita kwenye matope yanayokula viatu. Gari usilipeleke mchangani penye viota vya kasa. Na kwa Mida na Watamu kumbuka ni hifadhi ya bahari, KWS, shirika la wanyamapori, wana ada zao.

Jioni osha trela kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kati ya bapa za springi, kisha paka girisi bolti za U. Kayaki zikikaa juu ya trela hadi kesho, legeza mikanda na uegeshe chini ya makuti.